Mwezi Unaobaki Nyuma

Lori lilipoacha lami na kukata kuelekea Kizota, nilikuwa juu ya magunia ya alizeti, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope, sijui kama hapo ndipo Dodoma inapoanza au ndipo inapoishia. Nilikuwa nimelipanda Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, baada ya kugombana na madalali waliotaka kuniuzia nafasi ya kukaa kana kwamba nami ni gunia. Dereva, Batholomeo, Mhehe mnene mwenye kofia ya sufu hata saa sita mchana, ndiye aliyenihurumia. "Panda," alisema, "lakini ukianguka sisimami."

Tuliingia kwenye uwanja uliozungushiwa mabati mapya. Upande mmoja mashine ilikuwa inalia, harufu ya mbegu zilizochemka imejaa hewani, na chini, juu ya maturubai, alizeti ilikuwa imeanikwa nyeusi kama mchanga wa mtoni. Kabla lori halijasimama vizuri nikasikia sauti ya mwanamke.

"Wewe uliyekaa juu! Shuka. Hayo ni mafuta ya watu, siyo kiti."

Nikashuka. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, kitenge kimefungwa juu ya gauni, chekeche kubwa la waya limeegemea nyonga yake kama mtoto.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Umetoka wapi na mifupa hiyo?"

Batholomeo akachungulia dirishani. "Mama Devota, nimekuletea mtu. Mwandishi. Anaandika habari za nchi za watu."

"Mtani, mimi niliagiza mbegu," akajibu. "Wewe juu ya mbegu unaniletea mwandishi. Ukifa, mimi ndiye nitakayesema kaburini kwako jinsi ulivyokuwa dereva, na watu watacheka."

Ndivyo nilivyomfahamu Dorkasi Ndahani, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Devota, kwa jina la binti yake aliyekuwa akisoma sekondari ya kutwa mjini.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni, sukari imerudi madukani, na mashirika ya umma yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine huku walinzi wakiendelea kulinda milango iliyokuwa haina kitu ndani. Mwenye kiwanda kile, Elisante, mtu wa Singida, alikuwa ofisa katika shirika mojawapo. Walipompunguza kazini alichukua kiinua mgongo chake chote akanunua mashine ya kukamua mafuta. Jamaa zake walimwona mwendawazimu, kwa sababu mafuta ya ng'ambo yalikuwa yakiingia kwa madumu, meupe, yasiyonusa chochote. Elisante alisema watu watachoka kula kitu kisichonusa. Katika hilo alikuwa hajakosea sana.

Mimi nilikuwa naelekea Singida, kisha kanda ya ziwa, lakini gazeti lililokuwa likichapisha makala zangu lilikuwa linanilipa lilipojisikia, na mwezi ule halikujisikia. Elisante aliposikia naandika akanitazama kama anavyotazama mbegu. Alihitaji mtu wa kumwandikia barua za benki kwa Kiingereza, na wa kupaka rangi jina la kiwanda kwenye madebe.

"Kazi unayo," akasema. "Anza kesho."

"Na mshahara, mzee?"

"Mwisho wa mwezi wa saba."

"Leo ndiyo kwanza wa sita umeanza."

"Najua. Hata mimi nina kalenda."

Nilitoka ofisini nikiwa nimenuna. Nimeishi katika miji mingi na nimeulizia mshahara kwa lugha kadhaa, na katika zote neno la "subiri" ndilo ninalojifunza mapema. Mama Devota aliniona. Hakunipa pole. Alinivuta mkono mpaka kwenye ghala.

"Magunia haya ya mlangoni yamekuja lini?"

"Leo. Nimekuja nayo."

"Na mashine inakamua yapi?"

Nikatazama. Wapagazi walikuwa wakitoa magunia ya nyuma kabisa, yaliyokwisha kuanikwa na kupepetwa.

"Ya zamani."

"Basi. Mbegu ya leo ukiikamua leo, inakupa maji na mashine inaziba. Lazima ikae, ikauke, zamu yake ifike. Na mshahara wako ndivyo. Bosi anauza mafuta kwa mali kauli. Wenye maduka wanachukua leo, wanalipa wakishauza. Kwa hiyo mwisho wa mwezi huu wenzako watalipwa kazi ya mwezi wa tano. Wewe mwezi wa tano hukuwepo. Wa kwako ndiyo kwanza unaingia mlangoni. Mwezi mmoja unabaki nyuma siku zote."

"Unabaki mpaka lini?"

"Mpaka siku unayoondoka. Siku hiyo unakufuata." Akageukia mlango, kisha akaongeza, "Kama mwenye kazi ni mtu."

Maneno yale ya mwisho sikuyaelewa mpaka siku chache baadaye, Batholomeo alipoleta mzigo mwingine na habari pamoja nao. Kibaigwa palikuwa panafunguliwa kiwanda kipya cha kukamua alizeti, karibu na soko. Mwenyewe alikuwa anatafuta msimamizi wa mbegu, mtu anayejua kupokea, kuanika na kuchekecha, na kila aliyemuuliza alimtajia Dorkasi wa Kizota. Mshahara ulikuwa mkubwa kuliko wa Elisante, na kulikuwa na chumba. Lakini alitakiwa aanze siku ya kwanza ya mwezi wa saba, la sivyo angechukuliwa mwingine.

Mama Devota alikwenda kumwambia Elisante siku hiyohiyo, kwa heshima, akiwa amevua kanga ya kichwani na kuifunga upya. Mimi nilikuwa pembeni na brashi yangu. Elisante hakupiga kelele.

"Sikuzuii, Mama Devota. Lakini sheria ya kiwanda unaijua. Anayeacha kazi, mwezi wake unabaki hapa."

"Sheria hiyo uliiweka kwa wale wanaotoroka, mzee."

"Sheria haina macho."

Mama Devota akatoka. Akapita karibu yangu, akarudi kwenye chekeche lake.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi, na kila mtu kiwandani alilijua kabla ya jua kutua. Kibaigwa nako wangemwekea mwezi mmoja nyuma, kama kila mahali: kazi ya mwezi wa saba ingelipwa mwisho wa mwezi wa nane. Ili ale yeye na Devota katika mwezi ule wa kungoja, alihitaji kulipwa kazi yake ya mwezi wa sita ya Kizota, ambayo ingetoka mwisho wa mwezi wa saba. Ule mwezi uliobaki nyuma alipoanza kazi ndio uliopaswa kumvusha sasa. Elisante akiuzuia, asingeweza kwenda. Angebaki na chekeche lake, na nafasi ya Kibaigwa ingekuwa ya mtu mwingine.

"Utafanyaje?" nilimuuliza.

"Nitachekecha," akasema. "Mwezi haujaisha."

Na alichekecha. Niliwahi kutazama wafua fedha wa Zanzibar na mafundi wa saa katika miji ya baridi, lakini sijui kama nimeona mikono iliyonipendeza kuliko ile. Chekeche lilizunguka nusu mzunguko, likasita, likatikisika, na mawe yakajikusanya upande mmoja yenyewe kana kwamba yameitwa. Aliwafundisha wapya bila kuwakaripia, akawakaripia wazee bila kuwaudhi. Zaitun, Mrangi wa Kolo aliyekuwa msaidizi wake, aliniambia kuwa kabla Mama Devota hajashika sehemu ya mbegu wafanyakazi wapya wengi walikuwa wakiondoka mwisho wa mwezi wao wa kwanza, na Elisante akiwaita wavivu.

"Hawakuwa wavivu," Zaitun akasema. "Muulize Mama Devota mwenyewe habari za makarai."

Nikamuuliza, mchana mmoja tukila ugali wa uwele na mlenda.

"Nilikuwa msichana," akaanza, huku akicheka tayari. "Ilikuja kampuni ya barabara kwetu, njia ya Kondoa. Tukaandikwa kijiji kizima, kubeba kokoto kwa makarai. Sisi Wagogo, ukitaka shamba lako lilimwe, unapika pombe, unaita watu. Tunalima, jua likielekea kuzama unatugawia. Hata kama pombe ni kidogo, kila mkono unapata. Mwenye shamba asipokugawia, maana yake amesema kazi yako haipo. Humgombezi. Unaligeuza jembe lako, unaliweka mlangoni kwake kichwa chini, unakwenda zako ukiimba. Na msimu ujao hapati mtu hata mmoja."

"Sasa?"

"Sasa mwisho wa mwezi ukafika. Walioanza kazi mapema wakaitwa, wakapewa. Sisi tukaambiwa bado. Hakuna aliyetueleza. Basi tukatazamana. Tukachukua makarai, tukayapanga mlangoni pa hema la msimamizi, chini juu, juu chini. Tukaondoka tunaimba. Na yule msimamizi, maskini, alidhani tunamuaga! Akatupungia mkono!"

Alicheka mpaka akaweka tonge chini. Kisha akafuta macho.

"Walioendelea walilipwa yote. Sisi tulipata kusikia baadaye. Na mama yangu alikuwa mgonjwa mwaka ule. Kwa hiyo mwandishi, wale wanaotoroka hapa nawajua. Hawakimbii kazi. Wametukanwa, na aliyewatukana hajui."

Dawa aliyoibuni ilikuwa hii. Kila mwisho wa mwezi, siku ya malipo, wafanyakazi wa zamani walichanga uwele kidogo kidogo, na Mama Devota akapika vyungu viwili. Kimoja cha ujimbi, pombe ya Kigogo. Kingine cha togwa, kwa ajili ya Zaitun na Waislamu wenzake, na kwa ajili yake mwenyewe, maana alikuwa mama wa kanisa na mchungaji wake alikuwa na pua kali. Wakishalipwa waliolipwa, waliokuwa hawajafikiwa ndio waliogawiwa kwanza, kabla ya mtu yeyote. Wakaiita siku ya kibuyu. Fedha haikuwapo ndani yake. Lakini mtu aliyekuwa ameoshwa mikono na kukabidhiwa kibuyu mbele ya wenzake alijua kuwa kazi yake ipo. Tangu hapo, aliniambia Zaitun, hakuna aliyetoroka.

Mwisho wa mwezi wa sita ukafika. Tulikuwa wapya wawili: mimi, na Nikodemo, kijana wa Kigogo kutoka vijiji vya Mvumi, mtu wa maneno machache aliyekuja kutafuta mbuzi wa kumalizia mahari ya mkewe Ruthu. Mchana Elisante aliita watu mmoja mmoja ofisini. Nikodemo alisimama kivulini akihesabu wanaotoka na kuficha mikono mifukoni. Jina lake halikuitwa. Baada ya kitambo nikamwona anakwenda mlangoni pa ofisi, anaweka beleshi lake kichwa chini, mpini juu, limeegemea mwimo, kisha anaelekea getini. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini.

Elisante akatoka, akajikwaa. "Nani anaacha beleshi njiani?"

Mama Devota alikwisha kuruka vyungu. "Nikodemo! Mwana wa kaka yangu! Unakwenda wapi na mdomo mkavu?"

"Nakwenda nyumbani, shangazi. Shamba hili halina pombe."

"Nani kakuambia halina? Mimi napika tangu juzi kwa ajili ya nani, kwa ajili ya Mhehe huyu?"

"Nami pia nina kiu," akasema Batholomeo kutoka kwenye lori lake.

"Wewe kunywa maji ya rejeta." Akamshika Nikodemo bega, akamrudisha. "Kaa hapa. Mwandishi, kaa pembeni yake. Zaitun, maji."

Tukanawishwa. Watu wote walikuwa wamekusanyika, na mashine imezimwa. Kibuyu cha kwanza akapewa Nikodemo. Cha pili nikapewa mimi. Ujimbi ule ulikuwa mzito, wenye uchachu, na nitasema ukweli: kwa muda nilisahau kwamba sina nauli. Nikodemo alikunywa taratibu, akamaliza, akakigeuza kibuyu kuonyesha kimekwisha. Halafu akaenda mlangoni, akalichukua beleshi lake na kulisimamisha sawasawa.

Nilidhani yameisha. Lakini Mama Devota alikuwa amechukua kibuyu kitupu mkono mmoja, na chekeche lake mkono wa pili, na alikuwa anamwendea Elisante aliyesimama barazani.

"Mzee Elisante," akasema, "kila mwezi mimi ndiye ninayegawa, kwa niaba yako. Leo nimechoka. Leo mwenye shamba ni wewe. Mimi nimelima shamba hili mpaka jioni. Sasa natoka. Nimiminie."

Akamkabidhi kibuyu.

Elisante alikitazama kibuyu. Kisha akatazama chekeche. Lilikuwa mkononi mwa Mama Devota, uso juu, kama siku zote, na sote tulilitazama lile chekeche kama watu wanavyotazama wingu mwezi wa kumi na mbili. Hakuligeuza. Hakutishia kuligeuza. Alilishika tu. Singida nako watu hulimiana kwa pombe, na Elisante alikuwa amezaliwa huko kabla ya kuwa ofisa. Mavuno ya alizeti yalikuwa ndiyo kwanza yanamiminika. Magunia yalikuwa yamefika mpaka getini, na mikono yote ya kuyashusha ilikuwa pale, inangoja kuona mtu aliyelima mpaka jioni atafanywa nini.

Elisante akashuka ngazi. Akainama, akachota.

"Ee! Ee! Mzee!" Zaitun akapiga ukelele. "Chungu hicho ni cha pombe! Unataka mama wa watu afukuzwe kanisani?"

Uwanja ukalipuka kwa vicheko. Batholomeo alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Elisante mwenyewe, ambaye sikuwahi kuona meno yake, akasimama na kibuyu kinachotiririka, akatikisa kichwa, kisha akacheka. Nikodemo akajitolea kuinywa ile iliyokosewa, ili isipotee. Elisante akakisuuza kibuyu, akachota togwa, akakishika kwa mikono miwili.

"Haya, Mama Devota. Karibu jioni."

Hakukipokea bado. "Na mwezi wangu, mzee?"

"Mwisho wa mwezi wa saba, kama wenzako. Batholomeo atakuletea Kibaigwa."

"Sema kwa sauti. Mashine inalia."

Mashine ilikuwa kimya kama jiwe. Watu wakaguna kwa furaha. Elisante akavuta pumzi, akageuka kuwaelekea wote, akatamka kwa sauti ya ofisa anayesoma taarifa kwamba kazi ya Dorkasi Ndahani ya mwezi wa sita italipwa mwisho wa mwezi wa saba, na kwamba kuanzia hapo hakuna mwezi wa mtu aliyeaga utakaobaki kiwandani. Sidhani kama alikuwa amepanga kusema hayo ya mwisho. Yalimtoka, na yalipokwisha kutoka alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

Ndipo Mama Devota akakipokea kibuyu, akanywa mpaka tone la mwisho, akafuta midomo kwa ncha ya kanga. Chekeche akampa Zaitun.

Nimewahi kukutana na viongozi wa migomo katika nchi mbili tatu. Baadhi yao walikuwa mashujaa kwelikweli. Lakini sijakutana na mwingine aliyejua kwa yakini kiasi kile ni kitu gani kinamuumiza mtu anapocheleweshewa mshahara. Njaa ipo, sikatai. Ila kabla ya njaa kuna ile hali ya kusimama kivulini, wengine wanaitwa, wewe huitwi, na hakuna anayekuambia kama ulikuwepo. Yeye aliijua tangu siku ya makarai, na badala ya kuigeuza kuwa uchungu aliipikia chungu.

Asubuhi lori lilikuwa tupu, linarudi Kibaigwa kuchukua mbegu. Devota angebaki kwa mama yake mdogo hadi shule ifungwe. Alikuwa amemfungia mama yake godoro kwa kamba. Mizigo mingine ilikuwa michache: sanduku la bati, mfuko wa unga, na chungu kikubwa kilichofungwa kwa kanga kuukuu. Ndani ya chungu mlikuwa na mfuko mwingine.

"Nini hicho?" nikauliza.

"Kimea."

"Unaenda kazini au unaenda arusini?"

"Kule wote ni wapya, mwandishi. Hata mimi. Mwisho wa mwezi hakuna atakayelipwa hata mmoja, na hakuna wa kuwagawia." Akakitikisa chungu kidogo kuona kama kimekaa. "Nitajigawia mwenyewe pia. Sijawahi kunywa ya kungoja tangu nianze kuipika."

Elisante alikuja kumuaga. Alimpa dumu la mafuta, la alizeti, lenye harufu, na jina la kiwanda nililolipaka mimi likiwa limepinda kidogo upande wa kulia. Mama Devota alilitazama.

"Mwandishi wako hajui kunyoosha mstari."

"Atajifunza," Elisante akasema. "Yupo mpaka mwisho wa mwezi wa saba."

"Wewe usitoroke," akaniambia.

"Nitatorokaje, mama? Mwezi wangu uko ndani."

Akacheka, akapanda mbele kwa Batholomeo, ambaye alianza mara moja kulalamika kuwa chungu kitavunjika na atalaumiwa yeye.

"Kikivunjika nitasema kaburini kwako," nikamsikia akijibu. "Nitasema hata chungu kilikushinda."

Lori likatoka getini likiwa linayumba, likakunja, likaishika barabara ya Kibaigwa. Nyuma yangu Zaitun alikuwa ameanza kuchekecha, bado kwa kusitasita, na mawe yalikuwa yanakataa kwenda upande mmoja. Mashine ikawashwa. Nikachukua brashi na debe lingine.